Filta Ipi Inaifaa Zanzibar? Mji Mkongwe kwa Kamera ya Mfukoni

Kila mwezi wa Agosti, shule za Uingereza zikishafunga, ndege za kwenda Zanzibar hujaa watu kama sisi: wazazi waliohama zamani, watoto waliozaliwa ughaibuni, na masanduku yaliyofutuka kwa zawadi za jamaa. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nauli ya watu wanne kutoka Leicester wakati wa likizo si mchezo, na baba watoto hakupata ruhusa kazini. Kwa hiyo wanangu wawili, wa miaka 12 na 8, wangeiona Zanzibar ya mwaka huu kupitia picha nitakazorudi nazo, basi. Huyo mdogo alifika mara moja tu, akiwa bado anabebwa.

Nilichukua kamera ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfukoni, niliyoinunua ya mtumba. Simu niliiacha mkobani kwa sababu moja. Siku hizi ukiinua simu kichochoroni Mji Mkongwe, watu hugeuza uso. Wanahofu utawarusha mtandaoni kabla hujafika kona ya pili. Kamera ndogo haiondoi hofu hiyo yote, lakini watu huiona kuwa ni chombo cha kupigia picha tu, na mtu hukuuliza unafanya nini badala ya kukukimbia. Ukishaulizwa, mazungumzo yameanza.

Kamera hizi huja na filta zake ndani. Hazihitaji programu wala kompyuta. Unazungusha kidude cha juu, unachagua, na kioo cha nyuma kinakuonyesha mtaa ukiwa umeshabadilika kabla hujabonyeza: mweusi na mweupe, wenye rangi kali, wa kahawia kama picha ya babu, au uliofifia pembeni kama picha ya kamera ya kuchezea watoto. Majina hutofautiana. Fujifilm huziita zake kwa majina ya filamu ilizokuwa ikiuza, kama Provia, Velvia na Acros. Olympus walianza kuziweka kwenye kamera zao mwaka 2008. Ricoh GR, kipenzi cha wapiga picha wengi wa mitaani, ina nyeusi-na-nyeupe kali na nyingine yenye rangi nzito kama za slaidi.

Kwa lugha nyepesi, kamera inapokea mwanga, kisha kompyuta ndogo iliyomo ndani yake inaipika picha: inaongeza chumvi hapa, inapunguza pale, halafu inaihifadhi. Filta ni aina ya mapishi. Na ikishapikwa imepikwa, pilau halirudi kuwa mchele. Kamera nyingine hukuruhusu kuhifadhi pamoja nayo faili ghafi, lile lililoandikwa RAW kwenye menyu, ambalo ndilo mchele wenyewe. Yangu, nikiwasha baadhi ya filta, inaufunga mlango huo. Ninachochagua pale pale mtaani ndicho nitakachokwenda nacho nyumbani.

Ndiyo maana nilijipa zoezi. Kila mahali nitakapopenda kupiga picha, nipige mara tatu kwa filta tatu tofauti, kisha nione ipi inawafaa wale watoto wawili Leicester.

Vichochoro na nyuso zetu

Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi ya vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kugeuka ubavu. Mchana mwanga hushuka kama panga: ukuta mmoja unawaka, wa pili uko gizani. Kwa rangi za kawaida, picha hutoka na weupe ulioungua juu na kivuli cha samawati chini, na jicho halijui litue wapi.

Hapo nyeusi-na-nyeupe ina kazi yake. Inaondoa ugomvi wa rangi na kubakisha maumbo: nakshi za mlango, vichwa vya shaba vilivyochomoza kwenye mbao, baraza, waya za umeme, mtu anayekata kona na kikapu chake. Kwa kuwa kioo cha kamera kinakuonyesha mtaa bila rangi wakati bado unatembea, baada ya nusu saa unaanza kuona mistari na vivuli ambavyo zamani ulivipita tu. Kwa mafunzo ya jicho, sijapata mwalimu wa bei rahisi kuliko huyo.

Lakini ile nyeusi-na-nyeupe kali ina tabia moja inayotuhusu sisi hasa. Inakifanya kivuli kiwe cheusi tititi na mwanga uwe mweupe pepepe. Mtu mweusi akikaa kivulini, na nyuma yake ukuta wa chokaa unawaka, uso wake unamezwa wote. Kamera imeuona ukuta, imedhani mwanga ni mwingi mno, imepunguza. Kisha filta ikaja ikamalizia. Linabaki umbo la kofia na kanzu. Yeyote aliyewahi kupigwa picha harusini akatoka macho na meno tu anaelewa ninachosema.

Dawa zipo, na hazihitaji kamera ya gharama. Kwanza, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza mwanga hatua moja. Ukuta utaungua kidogo, uso utaonekana, na uso ndio uliokusimamisha pale. Pili, msogeze mtu mbele ya ukuta wa kivulini, huku akitazama ule unaowaka. Chokaa nyeupe inarudisha mwanga laini usoni, na jua linakuwa taa ya studio isiyolipiwa. Tatu, kama menyu yako ya nyeusi-na-nyeupe ina vichaguo vya rangi, chukua ya manjano au nyekundu. Ngozi ya binadamu, iwe ya rangi gani, hurudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa kijani au wa buluu, kwa hiyo filta hiyo hufungua uso. Ya kijani hufanya kinyume chake, huutia giza.

Niliyajaribu haya Jaws Corner, mtaa wa Soko Muhogo, pale ambapo wazee hukaa kwenye mabaraza wakinywa kahawa chungu na kubishana habari za dunia. Nilisalimia, nikanunua kikombe, nikakaa. Baadaye nikamwambia mzee mmoja, "Babu, naomba kukupiga picha."

"Utaipeleka wapi?"

"Kwa wanangu, wako Ulaya."

Akanitazama kidogo. "Basi ngoja nikae sawa." Akaweka kikombe chini, akaweka kofia yake vizuri, akanitolea uso ambao nisingeupata kwa kumnyemelea. Wapiga picha wengi wa mitaani husifia picha ya kuibia, na ninawaelewa. Lakini sisi tunaolijua neno la kuombea ruhusa kwa lugha ya mwenye uso hatuna sababu ya kuiba. Zaidi ya hapo, Zanzibar kuna akina mama wengi wasiopenda kupigwa picha kabisa, na filta haimfichi mtu. Ukimfanya wa kahawia au wa kijivu, jirani yake bado atamjua.

Sokoni Darajani

Soko la Darajani limekuwepo tangu 1904, na kwa yule aliyeondoka mtoto, harufu yake peke yake ni ramani: pweza, bizari, machungwa yaliyomenywa, tope la asubuhi. Picha haibebi harufu, na labda ndiyo sababu mkono huenda haraka kwenye filta ya rangi kali. Unataka picha ipige kelele mahali pa pua.

Nilipiga fungu la pilipili kwa filta hiyo. Kwenye kioo kidogo lilipendeza kweli. Nilipolikuza, pilipili zilikuwa zimeungana kuwa doa moja jekundu, bila mkunjo wala vikonyo. Filta ya rangi kali inaongeza kila kitu, na rangi iliyokwisha kuwa kali ikiongezwa tena inafika kileleni na kukosa pa kwenda. Afrika Mashariki haina shida ya rangi. Filta hiyo huifaa zaidi Leicester mwezi wa Novemba, mbingu ikiwa ya sufuria na kila mtu amevaa koti jeusi. Darajani, rangi ya kawaida iliyopunguzwa mwanga kidogo ilinipa pilipili moja moja, na vidole vya muuzaji vikizihesabu.

Filta nyingine inabakisha rangi moja na kuzigeuza nyingine zote kuwa kijivu. Niliijaribu kwa mama mmoja mwenye kanga nyekundu, kwa idhini yake. Alicheka alipoiona. "Na hawa wenzangu umewapaka majivu?" akauliza, akiwaonyesha wauza samaki waliokuwa nyuma yake. Sina la kuongeza juu ya maoni yake.

Kutoka juu ya paa

Ipo filta inayotia ukungu juu na chini ya picha na kuacha ukanda mwembamba ulio wazi katikati. Ukiitumia kutoka juu, mji unakuwa kama wa kuchezea: gari la kibiriti, watu wa plastiki. Macho yetu yamezoea kuona ukungu wa namna hiyo tunapotazama vitu vidogo kwa karibu, na filta inatumia mazoea hayo kutudanganya.

Nilipanda juu ya paa la nyumba moja ya wageni Hurumzi, kukiwa na mabati yaliyoshika kutu, matangi ya maji, minara ya misikiti na bahari upande wa Malindi. Picha ilitoka nzuri, na mwanangu mdogo ataipenda kwa sababu anapenda vitu vidogo. Hata hivyo kamera yangu huchukua sekunde kadhaa kuipika filta hiyo, na muda wote huo haipigi nyingine. Chini yangu msichana alikuwa anaanika nguo, upepo wa kusi ukaikamata shuka ikamfunika mzima, akabaki anacheka ndani yake. Kamera ilikuwa bado inapika. Kwa picha za mtaani, hiyo ni bei ambayo lazima uijue mapema: filta nzito ni za mahali pasipokuwa na haraka.

Jengo linalosubiri

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ndiyo picha ya Zanzibar kwenye kalenda za watu wengi wa umri wangu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilipofika, jengo lilikuwa limezungushiwa mabati.

Niligundua kwamba ukisimama mahali fulani Forodhani, ukainua kamera ili mabati yasiingie, kisha ukachagua filta ya kahawia ya zamani iitwayo sepia, unaweza kutoa picha inayofanana na postikadi ya karne iliyopita. Kijana mmoja wa kutembeza wageni alinionyesha mahali hapo kwa fahari. "Hapa halionekani kama limebomoka," alisema.

Niliipiga, maana zoezi ni zoezi. Kisha nikashusha kamera, nikapiga na mabati yake, kwa rangi, kukiwa na fundi anayekula mkate kando ya mchanga na paka anamsubiri. Picha ya kwanza inasema jengo lipo kama lilivyokuwa. Ya pili inasema jengo liliumia na bado kuna watu wanaohangaika nalo. Kama nina mtoto ambaye siku moja atasimama pale, ni ipi inayomwandaa?

Maneno ya shangazi

Usiku nilikaa na shangazi yangu Mkunazini, akavaa miwani, nikaanza kumpitishia picha kwenye kioo cha kamera. Asubuhi yake nilikuwa nimempiga amekaa mlangoni, mara tatu kama kawaida. Akasimama kwenye ile ya kahawia.

"Mwanangu, hii ya lini?"

"Ya leo asubuhi, shangazi."

"Mbona nimeshakuwa marehemu?"

Tulicheka sote, lakini hakuwa anatania tu. Alitaka ile ya rangi. Kanga aliyovaa ilikuwa ya Idi, haijafuliwa mara nyingi, na jina lake lilikuwa linasomeka lote. "Wapelekee wanao hii," alisema, "wajue bibi yao bado ananunua kanga mpya."

Maneno hayo yalinisindikiza kesho yake hadi Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, Shangani. Studio hiyo ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Kuta zake zimejaa picha nyeusi-na-nyeupe za Zanzibar: majahazi, mitaa, harusi, viongozi, watu waliokaa sawasawa kama yule babu wa kahawa. Wageni huingia wakasema, ah, zamani ilikuwa nzuri. Nilisimama nikafikiri kwamba mpiga picha wa wakati huo hakuwa anapiga zamani. Alikuwa anapiga siku hiyo hiyo. Filamu nyeusi-na-nyeupe ndiyo iliyokuwa ya kawaida, na mteja aliyetaka rangi kwenye studio za enzi zile, huku kwetu na kwingineko, mara nyingi alipakiwa kwa mkono, kwa brashi, mdomo na kanga. Watu wale walitaka waonekane wa leo, kadiri chombo kilivyoruhusu. Sisi tuna rangi mamilioni mfukoni, na tunalipia kamera inayotufanya tuonekane wa jana.

Hamu ya nyumbani ndiyo inayochagua filta ile. Tulioondoka tunaibeba Zanzibar ya siku tuliyoondoka, na kahawia inafanana na tunachokibeba. Hakuna ubaya, kumbukumbu ni mali. Ila waliobaki hawaishi ndani ya kumbukumbu zetu. Wanalipa bili ya umeme, wanasubiri daladala, wananunua kanga mpya.

Kwa anayejiandaa na safari

Ndugu msomaji, kama msimu ujao unakwenda kwenu, iwe Mombasa, Lamu, Bujumbura, Bukavu au Muscat, haya ndiyo niliyorudi nayo.

Chagua filta kwa kuangalia mwanga. Jua la utosini na kuta nyeupe, nyeusi-na-nyeupe laini. Asubuhi mapema na baada ya alasiri, rangi ya kawaida inatosha. Jua likizama nyuma ya mtu, rangi kali inapendeza ikiwa umekubali kwamba uso utakuwa kivuli.

Kabla ya kuondoka, piga picha kumi nyumbani kwa kila filta, uone ipi inachelewesha kamera na ipi inazuia faili ghafi. Picha ya mtu usiyeweza kurudi kwake, ipige pia bila filta. Nyeusi-na-nyeupe unaweza kuitengeneza baadaye kutoka kwenye rangi. Rangi huwezi kuitoa kwenye nyeusi-na-nyeupe.

Na mwonyeshe mtu picha yake kabla hujaondoka. Akikunja uso, muulize kwa nini. Anaijua sura yake kuliko filta.

Niliporudi Leicester tuliunganisha kamera na televisheni, nikawapitishia watoto zote bila kusema lolote. Kwenye picha za kahawia, swali lilikuwa lile lile la shangazi: "Mama, hii ilikuwa lini?" Kisha wakasubiri inayofuata. Kwenye picha za rangi maswali yalibadilika. Huyu nani? Anauza nini? Yule paka ni wake? Mkubwa alisoma jina la kanga ya bibi yake, silabi kwa silabi, akataka kujua maana yake, na hapo ikabidi tuisimamishe televisheni kwa muda.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Forodhani, saa kumi na mbili jioni. Wavulana wa umri wake wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja yuko hewani amekunja magoti, nyuso zao zinaonekana zote kwa sababu nilisubiri wageukie upande wa jua. Haina filta. Mdogo aliinuka kwenye kochi akasogea hadi karibu na kioo.

"Pale maji yana kina gani?" akauliza. "Mimi nitaweza?"